Rotaveta Niliyoinunua kwa Ajili ya Simu ya Jioni

Nilikanyaga klachi kwa mguu wote.

Trekta halikusimama...

Nikakata usukani kushoto. Magurudumu ya mbele yakageuka vizuri tu, lakini trekta lenyewe likaendelea kwenda mbele kama halinijui. Na mbele yangu ulikuwa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe!

"Mama wee!" nilipiga kelele. Mwanamke wa miaka sitini na moja, namwita mama aliyekufa zamani.

Puuu!

Matofali yakamwagika. Nikavuta kile kiwaya cha kuzimia injini, kukawa kimya. Vumbi lilipotulia nikajikuta nimekaa juu ya trekta natazama kitanda changu. Chandarua kilikuwa kimeangukia boneti.

Nikasubiri mtu aje. Kishindo kile hakikuwa kidogo, nilijua kimesikika mbali. Nikasubiri weee... Hakuna aliyekuja. Jirani wa karibu yuko mwendo wa dakika ishirini, na ilikuwa siku ya soko.

Nikashuka mwenyewe, nikajipapasa. Mzima. Ndipo nikaanza kulia.

Sikulilia ukuta, jamani. Nililia kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwambia "nimepona."

Sasa ngoja niwaeleze kuanzia mwanzo, msije mkasema bibi huyu ana wazimu.

Mume wangu alikuwa mkulima, na trekta ndilo lilikuwa mke mwenzangu. Lina umri mkubwa kuliko mwanangu, na mwanangu ana mvi. Alinifundisha kuliendesha tulipokuwa vijana, watu wakatucheka mpaka wakachoka. Alipougua tuliuza plau, tukauza haro ya kuvunja mabonge, tukauza tela, kila kitu kinachofungwa nyuma. Trekta akakataa lisiguswe. Miaka mitatu iliyopita akaenda zake, akaniachia kichwa kisicho na mkia.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume. Anaishi jiji la mbali, ana mke na kazi ya ofisini. Alishanitengea chumba kwake, kizuri, kina feni na kapeti. Kila akija anakitaja hicho chumba. Mimi sikitaki. Nyumba yangu ninaijua hata nikifumba macho, na mwenye nyumba wa kwanza amelala pale nyuma ya shamba.

Mwisho tukawekeana ahadi.

"Mama, msimu huu lima mwenyewe. Ukimaliza kulima shamba lote kabla ya mvua, sitakusumbua tena. Ukishindwa, trekta linauzwa na wewe unakuja kwangu."

Nikasema sawa. Baada ya hapo hakupiga tena simu, akawa anatuma ujumbe asubuhi. Shikamoo mama, uko salama? Nami najibu marahaba, niko salama. Imetoka hiyo mpaka kesho.

Nyie mnaoishi na watu hamjui kimya kilivyo. Nilifika mahali nikawa namsimanga kuku kwa jina la wifi yangu, ili mradi nisikie sauti ndani ya ile nyumba.

Basi, nikaanza kutafuta cha kufunga nyuma ya trekta.

Kwanza nikamwita fundi wa matrekta. Ni mzee wa makamo yangu, watu wanamwita Hapana, kwa sababu kila jibu lake linaanzia hapo. Hakuuliza hata habari za nyumbani. Akazunguka trekta, akashika ile mikono ya kunyanyulia akaitikisa, akaniambia niwashe. Akatazama mhimili wa nyuma, ule unaozungusha mashine. Akaniambia nikanyage klachi, kisha niachie, nikanyage tena. Akatikisa kichwa.

Nikamwambia nimesikia rotaveta ni nzuri, ile yenye visu vinavyozunguka na kusaga udongo.

"Hapana. Wewe chukua plau la visahani viwili, na haro ndogo ya kuburuta. Basi."

Nikamwonyesha pale kwenye boneti palipoandikwa nguvu ya farasi.

"Hapana. Hao farasi ni wa siku lilipotoka kiwandani. Nusu wameshakufa, waliobaki ni wazee kama sisi."

Akaondoka, hata maji hakunywa. Mie nikabaki nimenuna. Wazee kama sisi, sisi na nani?

Kesho yake nikaenda duka la zana za kilimo, mji wa karibu. Kijana wa mauzo akanipokea na shikamoo ya heshima, akanivutia kiti, akaniletea maji ya baridi. Shati lake jeupe limenyooka. Akaniuliza shamba ninalima na nani. Nikamwambia peke yangu. Akauliza mume wangu alikuwa mtu wa namna gani.

Jamani, miaka mitatu hakuna aliyeniuliza swali hilo. Pole nimepewa mpaka zimejaa gunia. Lakini kuulizwa alikuwaje... Nilikaa pale saa nzima nikimsimulia mtoto wa watu habari za marehemu. Na trekta nikamweleza lote, umri wake na ubovu wake.

Ndipo akanionyesha rotaveta. Nyekundu, inang'aa. Akasema hii unapita mara moja tu na udongo unakuwa kama unga, huhitaji plau wala haro, imewafaa sana wanaolima peke yao. Nikaipiga picha pamoja na kibao cha duka chenye namba ya simu, nikamtumia mwanangu. Akajibu: nzuri mama.

Jioni hiyo, saa moja kamili, simu ikaita. Yule kijana wa dukani.

"Mama, umeshakula?"

Nyie! Sikuwa nimekula. Nikamwambia nimekula, halafu nilipokata simu nikaenda kuwasha moto nipike, nisije nikalala muongo.

Kesho yake, saa moja, akapiga tena. Na keshokutwa. Nikawa napika mapema ili akiuliza niwe na jibu la kweli. Nikawa namweleza kuku aliyetaga na bomba lililopasuka, naye anacheka, nami nacheka. Tukaenda hivyo wiki tatu. Mara mbili nilipanda gari mpaka dukani kuuliza maswali ambayo majibu yake ninayo.

Nikamwambia maneno ya fundi Hapana. Akasema mafundi wa zamani wanaogopa vitu vipya, ila uamuzi ni wangu.

Hapa ndipo mnitukane, nimewaruhusu. Moyoni nilijua fundi anasema kweli. Nimekaa juu ya lile trekta miaka zaidi ya thelathini, mlio wake nikiusikia najua limechoka wapi. Lakini niliogopa. Nikichukua plau dogo la bei ndogo, kijana ataniona mteja mdogo, na saa moja jioni simu haitaita tena.

Nikainunua rotaveta.

Wakaileta, wakaifunga, wakaondoka. Nilipoinyanyua, tairi za mbele zikawa zinagusa ardhi kwa adabu tu. Nikajifanya sijaona. Nikaingia shambani, mstari wa kwanza, udongo kweli unga mtupu! Nikacheka peke yangu kule juu. Mstari wa pili ukaishia karibu na nyumba. Nikanyanyua mashine ili nigeuze, nikakanyaga klachi, na yaliyobaki mnayajua.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilipona, ukuta ukanilipia.

Fundi Hapana nilimpigia mchana ule ule, akaja na baiskeli. Akainama nyuma ya trekta muda mrefu. Akanieleza taratibu kwamba kwenye matrekta ya zamani kama hili, mhimili wa nyuma na magurudumu vinakula sahani moja. Ukikanyaga klachi unaitenga injini tu. Mashine nzito ikiwa bado inazunguka, inayasukuma magurudumu yenyewe. Si mbali, hatua mbili tatu tu. Na uzito wake ulikuwa umeshainua mbele, kwa hiyo usukani ulikuwa pambo.

Nilimsubiri aseme nilikwambia. Hakusema. Akatafuta turubai, akaziba lile tundu la chumba changu, akaenda zake.

Saa moja jioni simu ikaita.

"Mama, umeshakula?"

"Trekta limeingia chumbani kwangu."

"Umeumia, mama?"

"Sijaumia."

"Ngoja, mama, ngoja kwanza nimpigie..."

Akakata. Nikabaki na simu mkononi. Ampigie nani?

Asubuhi nilikuwa mlangoni pa duka kabla hawajafungua. Safari hii hakunivutia kiti. Macho yake yako chini.

"Jana ulitaka kumpigia nani?" nikamuuliza.

"Mama, naomba usikasirike."

"Nani?"

"Mwanao."

Akanieleza akiwa amesimama. Siku ile niliyotuma picha, mwanangu alichukua namba kwenye kibao cha duka akapiga. Akamwomba awe ananipigia kila jioni saa moja, aniulize kama nimekula, anisikilize, halafu amwandikie nimeendaje. Kila jioni alikuwa anaandika. Mama amekula, mama amecheka, mama kasema bomba limepasuka.

Nikakaa juu ya haro iliyokuwa pale.

"Na rotaveta? Hiyo pia alikutuma?"

"Hapana. Yeye alisema nikuuzie kinachofaa. Rotaveta ni kosa langu, mama. Nilijua ni nzito. Lakini nilikuwa na idadi ya mauzo ya kufikisha mwezi ule, na wewe ukawa hunikatalii kitu."

Kweli. Nisingemkatalia hata angeniuzia meli.

Meneja wao alipoona picha ya ukuta hakubishana. Wakakubali kwenda kuichukua rotaveta yao, wakanipa plau la visahani viwili na haro ndogo. Kijana alipakia mwenyewe, shati lile jeupe likajaa grisi. Sikumtukana. Uchungu niliokuwa nao haukuwa wake.

Nikatoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa duka, nikampigia mwanangu.

"Kwa nini umenitafutia mtu?"

Nilisikia anatoka ofisini, anafunga mlango.

"Mama, mimi nikikupigia unalia."

"Ndiyo, nalia."

"Na mimi nikikata simu siwezi kufanya kazi tena siku hiyo. Nikajaribu, mama. Nashika simu, naiweka chini. Yule kijana anasema kwake unacheka."

"Mwanangu, mgeni ndiye anayechekewa. Wewe ndiye wa kuliliwa. Sasa kama hutaki kuliliwa, nimlilie nani? Kuku?"

Mwanaume wa miaka arobaini na mbili, na kwenye mazishi ya baba yake alikuwa anapanga viti tu, hakudondosha hata tone. Akalia kwenye simu kama siku ile alipoanguka kwenye baiskeli akiwa na miaka saba. Na mimi nikalia. Watu wakapita wakitutazama, yaani wakinitazama mimi. Hatukusemezana kitu cha maana. Ila hakukata.

Nikarudi shambani. Plau lile dogo, jamani, trekta lililibeba kama mama anavyobeba mtoto wake, si wa kuazima. Visahani viwili vinakata polepole. Ninapita, napita tena, halafu haro. Siku kumi na moja mgongo ukiuma. Siku ya kumi na mbili mvua ikanikuta, na kipande cha bondeni bado hakijaguswa.

Ahadi ni ahadi. Nikampigia nikamwambia nimeshindwa, kipande kimebaki, alete mnunuzi wa trekta.

Akasema, "Mama, ukweli sikuwa na shida na trekta. Nilitaka ushindwe ili uje, niwe nakuona bila kukupigia simu. Niliona ndiyo njia rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

"Kwangu."

Hiyo ndiyo niliyokuwa sijaijua miaka yote mitatu. Nilidhani mtoto wangu hanihitaji. Kumbe alikuwa mpweke kama mimi, ila yeye alikuwa na feni.

Trekta halijauzwa. Alikuja Jumamosi kujenga ukuta. Kaujenga umepinda, na nimekataa usirekebishwe.

Sasa wenzangu mnaosoma. Kama una trekta la zamani, usichague chombo kwa sababu mwuzaji ana ulimi mtamu au kinang'aa. Angalia lina nguvu gani leo, mhimili wake umefungwaje, na mbele linabaki chini au linapanda. Msikilize fundi, hata kama hajui kusalimia.

Na kama una mzazi anayeishi peke yake, usimtafutie mtu wa kumpigia. Piga mwenyewe. Akilia, mwache alie. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuliliwa na mama yake.

Mwanangu kapiga leo. Tumelia kidogo, halafu tukaongea habari za palizi.