Sarafu Iliyopungua Kabla ya Kufika Mlangoni

Mshonaji alirudi nyumbani na karatasi moja mkononi. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, juu ya mkasi, wala hakuusikia.

Mama mkwe wake alikuwa anachambua maharage. Alimtazama, kisha akamwuliza kama ameibiwa.

"Sijui, mama," alisema Mshonaji. "Bado nafikiria."

Alikuwa na akiba ya miaka sita. Ilikuwa ya kumsomesha binti yake uuguzi, na masomo yangeanza baada ya miaka miwili. Aliogopa kukaa na pesa taslimu, maana pesa ina ndugu wengi: huyu anaumwa, yule anaoa. Dhahabu, aliwaza, haina ndugu. Basi akaenda kwenye duka la dhahabu.

Huko alipokewa na muuzaji mwenye tai ya kijani na maneno mengi. Alionyeshwa sarafu ya dhahabu ndani ya kasha zito la kioo. Aliambiwa ni sarafu adimu, zimebaki tatu tu. Akaambiwa habari za karati, za gramu na za bei ya dunia. Aliuliza swali moja, akapewa majibu matatu ya maswali mengine. Mwisho aliambiwa kesho saa sita mchana bei inapanda. Akaandikiwa karatasi, akaahidi kurudi na pesa kabla ya hapo.

"Uzito wake je?" aliuliza mama mkwe.

"Gramu kumi na mbili. Au karati kumi na mbili. Kumi na mbili ilikuwepo, mama, ila sijui ilikuwa ya nini."

Mama mkwe aliacha maharage, akamwita jirani yao, fundi saa. Mzee huyo alikuwa sonara miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye saa.

Fundi saa aliisoma karatasi mbele, akaigeuza nyuma. Ilikuwa na bei tu. Alieleza polepole kwamba gramu ni uzito, na karati ni usafi. Dhahabu safi ni karati ishirini na nne. Ya karati kumi na mbili, nusu yake ni madini mengine. Kisha akauliza sarafu ilipimwaje. Mshonaji alisema ilipimwa pamoja na kasha lake.

"Mwanangu," alisema fundi saa, "wewe ukimpima mteja kiuno, unampima na mkoba wake?"

Akaendelea. Waulize bei ya gramu ya leo katika maduka mawili mengine. Kinachozidi hapo sana si dhahabu, ni hadithi. Na wamwulize muuzaji: wakimrudishia sarafu leo, atawalipa ngapi?

Mshonaji alishika kichwa. Alisema maswali ni mengi, atayachanganya.

"Wewe beba pesa na unyamaze," alisema mama mkwe. "Mimi nitabeba swali moja."

Kesho yake walipita maduka mawili, wakauliza bei ya gramu. Kisha wakaingia kwa mwenye tai. Mama mkwe aliomba kiti, akasema miguu yake haina adabu.

"Baba, tuseme tumeshanunua," alisema. "Nimefika pale mlangoni, nimebadili mawazo. Utanirudishia ngapi?"

Muuzaji alicheka. Alipoona mama hacheki, alisema wangekata kidogo. Kidogo kiasi gani? Akarekebisha tai. Akasema kama nusu hivi.

"Kutoka kiti hiki hadi mlango ule inapungua nusu? Ni hatua tano, baba. Je, ningekwenda nayo mpaka nyumbani?"

Muuzaji akaanza habari za bei ya dunia, akarudi kwenye karati, akapotea katikati. Sasa aliyechanganyikiwa alikuwa yeye.

Walinunua katika moja ya yale maduka mawili ya kwanza. Mizani ilianza kwenye sifuri, macho yao yakiona. Kipande cha dhahabu kiliwekwa kitupu, bila kasha. Risiti iliandikwa gramu, karati, bei ya kila gramu, na jinsi duka litakavyokinunua tena.

Fundi saa alikuwa amewaonya kwamba hata dhahabu hupanda na kushuka. Miaka miwili baadaye ilikuwa imepanda kidogo. Mshonaji aliuza kipande chake, binti akaanza masomo.

Siku ile ya kuuza walipita kwa mwenye tai ya kijani. Alikuwa anamweleza mteja mwingine kuhusu sarafu zake.

Zilikuwa adimu sana. Zilikuwa zimebaki tatu tu.