Uzi Kwenye Waya wa Gia

Nyumba ya Fundi ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Cherehani ilikaa barazani. Kila asubuhi mkewe alifagia vipande vya vitambaa, akapanga vifungo kwenye makopo kwa rangi zake. Fundi aliketi, akatunga uzi, akaanza kukanyaga. Nguo iliyochanika ikipita mikononi mwake, hata mwenyewe alishindwa kuonyesha ilipochanikia.

Binti yao walimwita Chiriku, kwa sababu alizungumza tangu alipofumbua macho. Hajapiga mswaki, ameshasimulia ndoto mbili. Alikuwa na baiskeli ya mbio ya mtumba, nyembamba, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Alifanya mazoezi na wenzake wa klabu. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake kuingia kikosi cha vijana, maana mwaka unaofuata umri ungekuwa umempita. Mchujo ulikuwa mmoja tu, na njia yake ilipanda mlima.

Siku ya kuamkia mchujo, Fundi alikuwa akiifuta baiskeli. Kazi hiyo aliipenda. Karibu na gurudumu la nyuma akaona waya wa gia umechanika. Nyuzi chache za chuma zilikuwa zimekatika na kusimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Waya huo ndio unaovuta cheni ihame kutoka gia moja kwenda nyingine.

Fundi hakushtuka. Alichukua uzi mweusi wa kushonea mabegi, akaupaka nta, akauviringisha juu ya waya mpaka nyuzi zote zikalala. Akafunga fundo dogo lisiloonekana. Ilikuwa kazi safi. Mkewe alipita, akauliza kama siku hizi nyaya nazo zinashonwa.

"Mama Chiriku, kilichochanika ni kilichochanika," Fundi akajibu. "Usimwambie mtoto. Atashindwa kulala bure."

Chiriku aliporudi, aliuliza kama baiskeli iko sawa. Alieleza kwamba rafiki yake ameumia mguu, hatashiriki, na amemwambia achukue baiskeli yake akitaka. Fundi akamwambia hakuna haja. Yake haina neno.

Kwenye tambarare, uzi ulishika. Kwenye mlima, Chiriku alibadili gia ili miguu ipate wepesi. Uzi ukateleza, waya ukakatika, na cheni ikashuka yenyewe mpaka gia ndogo kabisa ya nyuma, ile iliyo nzito kuliko zote. Alisimama juu ya pedali, akasukuma kwa uzito wake wote. Kisha akashuka.

Baba na mama walikuwa wakimngoja juu ya mlima na chupa ya maji. Walimwona akija kwa miguu, anaikokota baiskeli, wenzake wanampita mmoja mmoja. Uzi mweusi ulikuwa ukining'inia nyuma. Chiriku aliutazama, akamtazama baba yake. Uzi ule aliujua. Hakusema kitu pale, wala nyumbani hakusema. Siku zikapita, na barazani ikawa inasikika cherehani peke yake.

Halafu kocha akaleta jezi za kikosi zipunguzwe mikono. Kocha hakuwa na ubaya. Mtaani hapakuwa na fundi mwingine wa nguo. Jezi ya mwisho ilikuwa ya msichana mwenye mwili kama wa Chiriku. Fundi hakuhitaji futi ya kupimia. Vipimo vile alikuwa navyo kichwani. Alipomaliza, hakuikunja. Alikaa nayo mapajani.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Sikujua kama uzi hautashika."

Chiriku alikuwa akichambua vifungo. Hakuinua kichwa.

"Kutojua si kosa, baba. Lakini ulijua umechanika. Nilikuuliza. Ningeazima ile nyingine."

Fundi aliikunja jezi, akaiweka kando. Kwa fundo lililoteleza angeweza kujitetea. Kwa hili, hapana.

Alasiri ile aliikokota baiskeli hadi kwa jirani, Mama Posta. Mama huyu alisambaza barua kwa baiskeli mpaka akastaafu, na baiskeli yake aliitengeneza mwenyewe. Alipouona ule uzi, akacheka.

"Fundi, kwa nini hukuutilia na kifungo?"

Fundi hakucheka. Mama Posta akavuta kigoda, akamkabidhi spana. Alisema atakayefanya kazi ni Fundi mwenyewe. Yeye atakaa pembeni amwelekeze. Chiriku alikuwa amemfuata baba yake. Alisimama kwanza mlangoni, halafu akasogea.

Mama Posta alieleza kwamba waya huvutwa kwa nguvu kila gia inapobadilishwa. Unyuzi mmoja ukikatika, mzigo wake unahamia kwa wenzake, nao hufuata. Hakuna uzi wala gundi ya kuuponya. Hubadilishwa mzima.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. Fundi akainamisha macho.

Kwanza Chiriku alibonyeza kibonyezo cha gia kwenye usukani mpaka kikagoma, kiwe mahali pa gia ndogo kabisa ya nyuma. Hapo waya hulegea wote. Fundi akalegeza nati inayoushika nyuma, akakitoa kipande kilichobaki. Kile cha mbele akakisukuma kutoka chini, na kichwa chake, kile kidonge cha chuma cha nchani, kikachomoza kwenye usukani. Mama Posta alisema kichwa kikikatikia humo ndani, usiendelee kubonyeza, kitazama zaidi. Kitoe kwa kibano.

Kisha Mama Posta akauchungulia mpira unaoufunika waya kule nyuma. Chuma kilichosokotwa ndani yake kilikuwa na kutu. Kutu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiutafuna waya, kwa hiyo mpira nao ulibadilishwa, mpya ukakatwa urefu uleule. Waya mpya waliupaka grisi kidogo, wakaupitisha kutoka usukani mpaka nyuma, polepole, bila kuukunja.

Fundi akaushika mkasi wa waya apunguze mkia uliozidi. Mama Posta akamzuia mkono.

"Nguo unaikata kabla haijavaliwa. Waya unaukata baiskeli ikishauvaa."

Fundi aliuvuta kwa koleo, akaulaza kwenye mfereji wake chini ya nati, akakaza. Chiriku akaushika pale ulipo wazi, akauvuta kwa nguvu ili ukae. Ukalegea kidogo, wakaukaza tena. Wakainua gurudumu, wakajaribu gia zote. Cheni ilisita kupanda gia kubwa, wakafungua kidogo nati nyingine iliyo mwisho wa mpira, ya kuzungusha kwa vidole, nusu mzunguko, mpaka ikapanda bila kelele. Hapo ndipo Fundi alipokata mkia, akauvika kofia ndogo ya bati na kuibana, usije ukafumuka.

Chiriku aliipeleka mlimani. Alipanda bila kushuka. Juu kulikuwa kimya. Hakukuwa na mtu wa kuandika nani amefika.

Kikosi cha vijana kiliondoka bila yeye. Baadaye alijiunga na watu wazima, akawa anamaliza katikati, wakati mwingine nyuma. Gia haikumsumbua tena. Lakini jezi ile hakuivaa, na hakuna aliyeweza kuurudisha mwaka ule.

Asubuhi moja alikuwa ameshavaa viatu, wenzake wanakaribia kupita. Fundi alikuwa akiifuta baiskeli. Mkono wake ukasimama kwenye breki ya mbele.

"Chiriku, njoo uone," akaita. "Waya umekatika unyuzi. Ni mmoja tu, lakini usitoke nayo."

Chiriku akainama, akauona.

"Wenzangu ndio hao wanakuja, baba."

"Najua."

Waendesha baiskeli walipita, wakamwita kwa jina. Aliwapungia mkono waende, akakaa kizingitini akafungua kamba za viatu. Kisha akamwomba baba yake spana.