Mgeni wa Chumba cha Kompyuta

Chetezo kilikuwa kimepoa tangu Ijumaa, lakini Jumatatu asubuhi chumba cha kompyuta kilinuka udi kama cha bibi harusi.  Ni Mwanabaraka aliyekifukiza Ijumaa hiyo. Enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia, ofisi yao ya viwanja kule Temeke ililetewa kompyuta yake ya kwanza, ikapewa chumba chenye kiyoyozi, na bosi Theonest akaamuru kila aingiaye avue viatu mlangoni. Mwanabaraka, mtoto wa pwani, akaona pahali pa heshima namna hiyo hapaingiwi kavukavu. Akachoma udi, akasema, "Karibu, hapa kwako." Anamkaribisha nani, hakutaja. Loo, mtoto wa watu! Akaribishwaye bila jina huwa yeyote.

Asubuhi hiyo akaja Mzee Badru kuulizia kiwanja chake. Alikuwa jirani yake, tena ndiye aliyemsomesha chuo cha Kurani tangu alifu. Mwanabaraka akabonyeza jina, kioo kikaandika: MAREHEMU. Na kiwanja kilishapewa mtu mwingine.

Theonest akasema kompyuta haikosei. Mzee akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Mwanangu, wewe unanijua. Waambie mie ni hai."

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini mwezi ule watu walikuwa wanapunguzwa kazini, naye ana watoto. Akainamia vitufe, kimya. Mzee akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, na Bernadeta mfagizi, ambaye husalimia hata paka, akampitishia ufagio miguuni bila shikamoo.

Mchana umeme ukakatika. Kiyoyozi kikanyamaza, taa zikazimika, ila kioo kikabaki kinawaka kijani, na udi ukazidi kufuka pasipo moto, ukamjaa kooni, huku vitufe vikishuka na kupanda vyenyewe, polepole, kama vidole vya mtu asiye na haraka, mpaka maneno yakakamilika: ASANTE KWA KUNIKARIBISHA. ASANTE KWA KUNYAMAZA. Chini yake likaja jina lake, Mwanabaraka, la baba na la babu, na mbele yake neno lile lile: MAREHEMU.

Akatoka mbio, peku, akamshika Theonest mkono. Theonest akajipangusa pale aliposhikwa, kama aliyepigwa na baridi, akatazama mlangoni.

"Viatu vya nani hivi?"

Bernadeta akasema hajui, akavizoa pamoja na takataka.

Mwanabaraka akalia mpaka sauti ikamkauka. Aliyegeuka ni Mzee Badru peke yake. Hakumlaumu. Akajisogeza kwenye benchi, akampa nafasi akae.