Shika Ncha Yako

— Achia mkono wangu. Shika ncha ya shuka.

— Kidoti, mpenzi, nisikilize kwanza.

— Nakusikia vizuri tu. Kunja.

Hapo ni chumba cha kufulia cha hoteli, mvuke kila kona. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja huku, mwingine kule, mnavuta, mnasogeleana, vidole vinagusana. Hawa wawili walipendana hivyohivyo, shuka baada ya shuka. Halafu jamaa akapandishwa cheo, akawa msimamizi, akapewa koti jeupe. Wenzake wakambatiza Bosi Mdogo.

Sasa serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara, na mama mwenye hoteli hataki kulipa. Akaja na ujanja: wafanyakazi wote wa kufulia waitwe wanafunzi, maana wanafunzi sheria haiwagusi. Aliyetumwa kuwaambia nani? Bosi Mdogo.

— Miaka yote hii napiga pasi hapa, leo ndiyo nimekuwa mwanafunzi? — Kidoti akauliza. — Nitahitimu nikiwa bibi?

Wenzake wakaangua kicheko. Kidoti mwenyewe hakucheka.

Jioni meseji ya Bosi Mdogo ikaingia kwenye simu yake: "Kesho anakuja mkaguzi wa kazi. Bosi anataka mkunje ovyo mbele yake. Kubali tu. Nikipoteza cheo hiki tutaoana vipi?"

Akajibu: "Mama yangu kaniuliza mchumba wangu ni mtu wa aina gani. Kesho nitajua cha kumwambia."

Asubuhi mkaguzi akaingia, mzee wa miwani, mpole.

— Hawa bado wanajifunza, — mwenye hoteli akamwambia. — Msimamizi, hebu mfundishe huyo.

Bosi Mdogo akashika ncha. Kidoti akashika yake, anamtazama tu.

— Unaanza hivi...

Hata hakumaliza. Mikono ilishaondoka yenyewe. Vuta, kung'uta, sogea, kutana. Kufumba na kufumbua shuka liko mezani, pembe juu ya pembe. Wao waliambiwa wakunje ovyo, mikono haikuambiwa.

Mkaguzi akavua miwani.

— Hapa nani anamfundisha mwenzake?

Mwenye hoteli kamkodolea macho msimamizi wake.

— Yeye ndiye alinifundisha mimi, — jamaa akasema. — Nilipokuja hapa nilimkuta fundi. Humu hakuna mwanafunzi, mzee wangu. Hata mmoja.

— Wewe! Vua koti langu!

Akalivua, akalitupia kwenye kapu la nguo chafu.

— Mama, twende ofisini, — mkaguzi akamwambia mwenye hoteli. — Mimi na wewe tuna maongezi.

Wakatoka. Jamaa kabaki na fulana yenye tundu begani.

— Haya, cheo sina. Utamwambia nini mama yako?

— Kwamba Jumamosi unakuja nyumbani.

— Kweli?

— Na uvae fulana nyingine, tafadhali.

Akataka kumkumbatia. Kidoti akamsukumia shuka kifuani.

— Shika ncha yako kwanza. Haya mashuka mengine yatajikunja yenyewe?