Kompyuta Iliyochelewa Kuzimika

Kila jioni, Shangazi alipokuwa akifagia duka lao la kuchapa na kutoa nakala, kazi ya kuzima kompyuta ilikuwa ya binti wa kaka yake, ambaye Babu alimpachika jina la Chapchap. Tangu Babu afariki, kompyuta ilikuwa haizimiki upesi. Nembo ilizunguka tu kwenye skrini. Chapchap akishachoka kungoja, alichomoa waya.

Asubuhi moja kompyuta ilichelewa mno kuwaka, na faili la kadi za mwaliko za mteja likagoma kufunguka.

"Imezeeka hii," Shangazi alisema. "Namwita fundi aibebe, akauze vipuri."

Chapchap aliweka mkono juu ya kibodi. Kwenye kibodi ile ndipo Babu alipomshika vidole akimfundisha kuandika.

"Shangazi, si uzee. Ni mimi. Huwa nachomoa waya."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

Shangazi akavuta kiti. "Haya, tuizime pamoja. Hiyo mikono yako ikalie!"

Nembo ilipoanza kuzunguka, Shangazi alibonyeza kitufe cha Esc. Nembo ikatoweka, mistari ya maandishi ikajitokeza. Wa mwisho ulisema kazi ya kuhifadhi nakala bado inaendelea: inaitafuta kompyuta ya Babu.

Waligeuka wote wawili kutazama chumba cha nyuma. Kompyuta ya Babu ilikuwa imefunikwa kitambaa, haijawashwa tangu azikwe.

"Kumbe!" Shangazi alisema polepole. "Baba aliipangia hii iipelekee ile yake kazi za siku kabla ya kuzimika. Masikini, inabisha hodi na hakuna wa kuitikia."

Waliiacha mpaka ikachoka kutafuta na kuzimika, wakaiwasha tena na kufungua faili la maagizo ambayo Babu aliiandikia kompyuta. Kidole cha Chapchap kikakimbilia kitufe cha kufuta.

"Wewe! Umeanza tena?" Shangazi alicheka huku akifuta macho. Akaweka alama ya reli, #, mwanzoni mwa mstari ule wa kutuma nakala. "Kompyuta ikiiona hii, inauruka mstari. Maneno ya baba yanabaki palepale. Nakala tutaweka kwenye flashi, mimi na wewe."

Safari hii kompyuta ilizimika mara moja.

"Na fundi?" Chapchap aliuliza kwa woga.

"Fundi aje kunywa chai tu. Kadi utaziandika wewe upya. Na usikie, mwanangu: kitu kikikuchelewesha, usikikatize kwa hasira. Kiangalie kwanza, ujue kinangoja nini. Ukikosea, niambie kama ulivyoniambia leo. Bila hivyo, tungeuza kitu kizima tukidhani ni kibovu."