Wimbo wa Kwanza, Upande B

Mwalimu wa udereva alikwenda soko la mitumba kutafuta kioo cha pembeni cha gari la shule, akakuta sauti yake mwenyewe inauzwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na watu walibanana kati ya meza zilizojaa feni, rimoti na nyaya zilizofungwa matita. Alikuwa amevaa shati la buluu lililopigwa pasi mpaka mikono yake ikasimama, na kucha zake zilikuwa na rangi nyekundu iliyoiva. Kioo alikuwa amekwishakipata, amekibana kwapani. Meza ya mwisho ilikuwa ya muuza santuri, mtu aliyebishana na wateja hata waliokubaliana naye, ndiyo maana soko zima lilimwita Mbishi. Juu ya meza yake redio kaseti kubwa ilikuwa inaimba, na humo ndani msichana wa miaka kumi na minane alikuwa akighani kama mtu anayedai kiti chake:

*Niandikeni kwa wino, msiandike kwa...*

Utepe ukakwaruza, ukakatika.

Mbele ya redio alisimama mwanamume mwenye miwani na suruali ya kodrai, sweta imefumuka kiwiko. Alikuwa amefumba macho, midomo inafuata kila neno. Kaseti ilipokatika akashusha pumzi. "Kila kopi inaishia hapo hapo," alimwambia Mbishi. "Miaka kumi na miwili natafuta kilichofuata."

Mwalimu alikisema, bila kupaza sauti, kama anavyomwambia mwanafunzi ashushe breki ya mkono: "Chaki. *Mvua ikinyesha kesho, mimi hapa nitabaki.*"

Mwenye miwani akafumbua macho. Mbishi akazima redio.

"Dada, mstari huo umeutoa wapi?" aliuliza mwenye miwani.

"Pale nilipouweka," alisema mwalimu.

Siku hiyo kioo kilichelewa kufika kwenye gari. Walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya meza, naye akasimulia. Walikuwa vijana watano, wakarekodi kwa siku moja katika gereji ya mjomba wa mmoja wao. Kaseti ikachanganya nyimbo zao na za makundi mengine ya mitaa ya jirani, zikatengenezwa kopi arobaini, zikauzwa mkono kwa mkono. Kwenye jalada, chini ya kundi lao, yaliandikwa majina ya wavulana wanne, kisha maneno "pamoja na wengine". Wengine ndiye yeye. Jina lake la jukwaani lilikuwa Kauli. Mama yake, muuguzi mkali, aliposikia binti yake anapiga kelele gerejini na wavulana, aliuliza watu watasemaje, na mambo yakaishia hapo.

Mwanamume naye akaeleza. Alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kufungua redio za watu na kuomba Mungu zifungike tena. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akikusanya hip-hop ya enzi hizo, kaseti moja moja, azisafishe, azitoe katika santuri moja: albamu ya nyimbo kumi na sita, kila msanii na jina lake. Wenzake walimwita Kaseti.

"Na huyu niliyekuwa namtafuta," alisema akiangalia kiatu chake, "nilimwita Binti wa Upande B."

"Binti ana miaka thelathini na minane sasa."

"Nami hata gari sijui kuendesha."

"Hilo," alisema mwalimu akisimama na kioo chake, "lina dawa."

Basi wakaanza. Kila Jumanne na Alhamisi jioni Kaseti alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Aliendesha polepole hata siku moja mwalimu alimwambia, "Mpenzi, kuku ametupita, naye hakuwa na haraka." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi, na gari likazimika.

Simu nazo zikaanza. Kaseti alimpigia saa ya chakula cha mchana kumuuliza kama mwalimu amekula au amekula wanafunzi tu. Mwalimu alimpigia studio kumuuliza klachi iko mguu gani, naye alijibu kwa kirefu, kwa sauti ya mtangazaji wa habari, mpaka wote wawili wakashindwa kuendelea. Siku nyingine Kaseti alimchezea kipande cha kaseti aliyoipata, akangoja hukumu yake. Alikuwa na sikio, huyu mwanamke. Alijua nani alighani mwenyewe na nani aliazima. Kwa mara ya kwanza tangu gereji ile, alijisikia mtu wa kazi hiyo. Akaanza kuhesabu siku za albamu kutoka. Alishamwambia mama yake, na mama aliomba tu aonyeshwe jalada litakapokuja.

Jalada likaja, mwezi wa sita wa mapenzi yao. Alilikuta mezani kwa Kaseti, karatasi ya majaribio kutoka kwa mchapaji, wino bado unanukia. Mwenyewe alikuwa jikoni anaosha vikombe. Mwalimu alisoma nyimbo kumi na sita kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Kauli hakuwepo. Safari hii hata "wengine" hawakuwepo.

"Sipo," alisema.

Vikombe vikanyamaza. Kaseti alikuja mlangoni na kitambaa mkononi, akajaribu kueleza, maneno yakimtoka kama gari lake la siku za kwanza. Kabla yake, mtu mmoja alitoa albamu ya namna hii akaijaza nyimbo za mke wake na ndugu za mke wake. Watu waliiita Albamu ya Mashemeji, na hata walioimba vizuri humo wakaonekana wamebebwa. Tangu hapo wakusanyaji walikuwa na sharti: mtu haweki wa nyumbani kwake.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema. "Watasema nimekuweka kwa sababu nakupenda. Nami wiki niliyopanga orodha hii nilikuwa nimeamua kukuoa."

"Ukaamua kunioa, ukanifuta."

"Nilitaka kukulinda."

"Hukuniuliza." Alichukua mkoba wake. Sauti yake ilikuwa tulivu, jambo lililomtisha Kaseti kuliko kelele. "Ulinitafuta miaka kumi na miwili. Ulivyonipata, ukanifungia kabatini. Mtu akiniambia siwezi, namwelewa, tutapimana. Wewe unasema naweza, ila nikae pembeni."

Simu zake hazikupokelewa siku tisa. Ya kumi mama, ambaye alikuwa akichambua mchele na kusikia mlio ule kila baada ya saa, aliuliza kosa la kijana ni lipi. Akaambiwa. Alipepeta mchele.

"Mimi nilikuzuia kwa kuogopa watu," alisema. "Na yeye kakuzuia kwa kuogopa watu. Mimi umenisamehe?"

"Mama, wewe hukuwahi kuomba msamaha."

"Naomba sasa." Aliondoa kokoto moja, akaitupa. "Huyo mwache na yeye aombe. Ila aombe kwa kazi, si kwa simu."

Siku ya kumi na tano simu ilitoka kwenye namba asiyoijua. Ilikuwa ya Mbishi. Alisema anahitaji ruhusa ya wimbo, na namba aliyoelekezwa ni ya shule ya udereva, jambo ambalo yeye binafsi anaona si la kawaida. Mwalimu alikwenda sokoni moja kwa moja kutoka kazini, shati la buluu bado lina vumbi la barabara.

Juu ya meza kulikuwa na kaseti thelathini, zote zimefunikwa kwa karatasi nyeupe. Hakuna jina, namba tu. Mbishi alieleza kwamba Kaseti alimletea wiki mbili nyuma, akamwambia achague kumi na sita azipange anavyotaka, na kwamba yeye mwenyewe hatasema neno. "Na hakusema. Nilimchokoza, nikaitukana ladha yake, akakaa kimya. Nikajua mgonjwa."

Alimpa karatasi mpya ya jalada. *Upande B, wimbo wa kwanza: Kauli.*

"Namba kumi na tisa," Mbishi alisema. "Upande wa pili unafunguliwa na mtu anayeweza kumsimamisha mtu aliyekwisha kuinuka kwenda zake. Nilishaichagua kabla haijafika kwenye wino; mpaka hapo sikujua ni wewe. Ningejua, ningebisha."

Mwalimu aliisoma tena, akapitisha ukucha mwekundu chini ya jina lake. Lakini jicho lake la kukagua makosa ya wengine likateremka mpaka chini. *Zimekusanywa na Mbishi.* Jina la Kaseti halikuwepo popote. Miaka kumi na miwili ya kaseti moja moja, na mtu ameifuta mwenyewe.

"Ndiyo sharti lake," Mbishi alisema. "Kwamba wewe uwemo, yeye atoke."

Mwalimu alitoa mkobani kalamu nyekundu anayosahihishia wanafunzi. Juu ya jina la Mbishi aliandika, kwa herufi kubwa: *Zimetafutwa na Kaseti.* Kisha akalifuta neno "Zimekusanywa", akaweka "Zimechaguliwa".

"Una neno?" alimuuliza.

"Nina maneno mengi," alisema Mbishi. "Lakini hapo umesema kweli."

Kilichokatika kilibaki kimekatika. Hakuna kopi iliyokuwa na mwisho. Kwa hiyo mwalimu aliingia studio akaumalizia mstari kwa sauti ya sasa. Kaseti, nyuma ya kioo, hakuuficha ule mshono. Msichana anafika "kwa", utepe unakwaruza, na mwanamke anapokea: "chaki".

Santuri ilizinduliwa sokoni pale pale, kati ya feni na rimoti. Mama alikuja na kitenge kipya, akasimama mbele kabisa. Upande wa pili ulipoanza, waliokuwa wameanza kuondoka walirudi. Sauti mbili zilipounganika, mama alimgeukia mtu asiyemjua kabisa na kumwambia, "Wa kwanza ni wangu. Na wa pili ni wangu."

Jioni ile Kaseti aliendesha gari la shule, mwalimu kando yake. Alipita mzunguko bila kuomba msaada, akaegesha kati ya nguzo mbili, akazima injini.

"Wimbo umechaguliwa na mtu mwingine," alisema. "Hakuna wa kusema umebebwa. Sasa na mimi naruhusiwa kuchagua?"

Mwalimu alitazama mbele, kama anapotaka mwanafunzi akumbuke mwenyewe.

"Angalia kioo," alisema.

Kaseti aliangalia kile kioo cha pembeni cha Jumamosi ya kwanza.

"Washa indiketa."

Ikaanza kulia, taratibu, kwa mapigo yasiyokosea.

"Haya," alisema Kauli. "Uliza. Kwa wino, si kwa chaki."