Bwana Wexcombe Ataka Kuchekwa

Pua ndiyo iliyoanza. Hester Pockley alimchora waziri mpya na kipua chake kifupi, lakini picha zilipotoka kwenye mtambo na kuanikwa dukani, zote zilikuwa na pua ndefu, nyekundu, iliyovimba. London nzima iliijua pua ile. Ilikuwa ya Bwana Wexcombe, waziri wa zamani, mlafi na mwizi, aliyezikwa wiki ileile.

Mama yake Hester, mjane Tabitha mwenye duka la picha za kuwakejeli wakubwa, hakushtuka. Shaba ni ghali, na siku ya mazishi alikuwa amelikwangua bamba la kuchapia lenye sura ya marehemu ili mrithi wake achorwe palepale.

"Sikulikwangua vizuri," alisema. "Lakini mtazame, hata kaburini hataki kuachia kiti."

Baadaye duka likaanza kunuka poda ya nywele na mvinyo mtamu. Nyuma ya picha za dirishani akasikika mtu akicheua kwa shibe.

"Mama," Hester akanong'ona, "kuna mtu amekaa ndani yangu."

Jumapili, mchana kweupe, wakiwa mezani, kidevu cha pili kikamwota Hester chini ya kile cha kwanza, tumbo likajaa hadi likaisukuma meza, na binti yule aliyezoea kudonoadonoa chakula akamaliza paja zima la kondoo, akajifuta mdomo kwa kitambaa cha meza, akaanza kuvihutubia viti habari za kodi ya mishumaa kwa sauti nzito ya mzee, huku machozi yakimtiririka, maana Hester mwenyewe bado alikuwemo mle ndani, na alikuwa anazama.

Pepo huulizwa anataka nini. Tabitha akamuuliza.

"Nirudishe dirishani," sauti ikasema kwa unyonge. "Siku hizi wanamcheka yule mwingine."

Kumbe ndicho alichokuwa akila, kicheko. Basi atanyimwa. Tabitha akachukua bamba jipya, akamchora Wexcombe mwembamba, mwenye pua ya kawaida, ameshika Biblia, malaika wakimvisha taji. Akaitundika picha dirishani. Wapita njia wakaitazama, wakapiga miayo, wakaenda zao. Kufikia alasiri tumbo lilikuwa limenywea, kidevu cha pili kimeisha, na Hester akaushika mkono wa mama yake kwa vidole vyake mwenyewe, vyembamba, vya baridi.

Kikabaki kisauti kooni mwake.

"Mjane mwema, nicheke wewe tu, kidogo. Niliitumikia nchi hii kwa moyo safi."

Moyo safi! Mtu aliyewauzia askari viatu vya karatasi. Tabitha akauma midomo, akamkazia macho mwanawe, akajizuia kwa nguvu zake zote. Lakini mazoea yana taabu, naye alikuwa ameishi kwa dharau tangu ujana. Kikamtoka puani kicheko kimoja kifupi, kisichozidi chafya.

Vidole vya Hester vikanenepa ndani ya kiganja chake.

"Ahsante," ikasema ile sauti nzito, na kiti kikalia kwa uzito.